Siku Niliyomtafsiria Dada Yangu

Nimewahi kulipwa nimtafsirie dada yangu wa tumbo moja kana kwamba simjui. Sijivunii.

Ilikuwa 1996, Makongeni, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli. Dada yangu Asenath alikuwa amepooza miguu tangu utotoni. Wageni wakija kwetu, tulimbeba tukamweka jikoni kwa jirani, Mama Ooko. Eti wasije wakatuonea huruma.

Mwaka huo akaja Bi. Inger kutoka Denmaki. Alikuwa akilinganisha jinsi nchi mbalimbali zinavyowatunza walemavu. Nikawa mkalimani wake, na Kizungu changu cha kujishaua.

Sebuleni kwetu akaniambia kwao halmashauri ya mji humpa mlemavu kiti cha magurudumu, hata msaidizi. "Na hapa?"

"Hapa hatungoji serikali," nikajibu, kifua mbele. "Mlemavu ni wa ukoo. Hafichwi."

Uongo mtupu.

Tulipotoka, akabisha mlango wa pili, kwa Mama Ooko, kabla sijamzuia.

Asenath alikuwa sakafuni akichambua mboga za mrenda. Nilitamani ardhi inimeze.

Bi. Inger akachangamka. Alikuwa na viti vitatu vya kugawa, ila lazima jamaa wa mlemavu aweke sahihi kwamba atamsaidia. "Muulize jamaa zake wako wapi."

Nikamtafsiria Asenath yote hayo, macho chini. Mama Ooko akageukia jiko lake.

Kiti kama hicho dada yangu alikuwa akikiombea kila siku, afike darasa la ushonaji kanisani bila kubebwa.

"Mwambie sina mtu hapa," akasema. "We tafsiri tu."

Nilihitaji kusema maneno mawili tu: dada yangu. Nikatafsiri kama alivyosema.

Kiti kikaenda mtaa mwingine.

Nilipomfuata dada yangu jioni, Mama Ooko aliniambia, "Luseno, wewe ni bure kabisa."

Nikiwa nimembeba mgongoni, nikamuuliza Asenath mbona alinisitiri.

"Ungeaibika mbele ya mgeni wako." Kisha akauliza, kwa upole kabisa, "Huko Denmaki, nao huwekwa kwa jirani?"

Nililia njia nzima, na njia yenyewe ilikuwa hatua kumi.

Ndugu msomaji, ilaumu serikali, ina makosa yake. Lakini Asenath hakunyimwa kiti na serikali. Nilimnyima mimi, nikiwa nimesimama mbele yake.