Uso wa Mama Ndani ya Fremu

Kwanza nikiri: ni mimi niliyebandika picha ya mama yangu juu ya uso wa madam mmoja wa Kifilipino. Nilitumia chingamu. Nilikuwa nimeitafuna tangu mtaa wa Umbilo. Ladha ilikuwa imekwisha, hasira bado.

Mama anafanya usafi katika ofisi ya kibalozi ya Wafilipino hapa Durban. Wenyewe hawakai, baada ya miaka michache wanahamishiwa nchi nyingine. Ndiyo maana kila Desemba wanapiga picha moja ngazini, bosi akiwa ameshika fremu yenye picha ya mwaka uliopita. Ndani ya hiyo iko ya mwaka juzi, na ndani yake nyingine, mpaka watu wanakuwa wadogo kama punje za mchele. Wakimaliza wanaikuza kwenye simu, wanawatafuta walioondoka, wanacheka, wengine wanalia kabisa.

Nzuri sana. Sasa nani anaipiga hiyo picha? Mama. Miaka mitano! Anapiga pasi mashati yao ya sherehe, mepesi kama pazia, anapiga deki ngazi watakazosimama, halafu anakabidhiwa simu. Wanamwita "Ate", yaani dada mkubwa kwa lugha yao. Dada mkubwa gani huyo asiyeonekana kwenye picha hata moja ya ukoo? Mbwa wa bosi alishaingia mara mbili. Mbwa!

Basi mwaka huu shule zilipofungwa nikaenda kumsaidia kubeba viti. Fremu ilikuwa mezani, haina mwenyewe. Kwenye pochi ya mama kulikuwa na picha yake ya pasipoti, amenuna kama polisi wa mpakani. Nikaibandika juu ya kioo, penye uso wa madam mmoja, pap.

Bosi akainyanyua fremu bila kuitazama. Mama, bila miwani, akahesabu, "Moja, mbili, cheka!" Picha ikatumwa papo hapo kwa yule madam aliyehamishwa mwezi wa sita. Mwaka huu ilikuwa zamu yake ya kutafutwa ndani ya fremu. Jibu lake likaja haraka, bosi akalisoma kwa sauti: "Mbona mimi sipo?"

Wakaikuza. Mahali pa madam alikuwa mama, amenuna. Mama akanigeukia. Mimi nikaangalia ngazi. Eish, zilikuwa safi ajabu.

"Ni mimi!" nikasema, sauti ikipanda bila ruhusa yangu. "Mama hayupo kwenye picha miaka mitano, na hakuna aliyeuliza!"

Bosi akashusha fremu. "Ate, njoo usimame na sisi."

Nikajua nimeshinda. Lakini mama akatikisa kichwa, akabandua chingamu kwa ukucha, akawapanga upya mmoja mmoja na kupiga nyingine.

Tukapanda taxi ya kurudi nyumbani Glenwood. Tuliposimama kwenye robot ya tatu, zile taa za barabarani, nikashindwa kuvumilia. "Mama, kwa nini umekataa? Umeniaibisha!"

Akasema: "Kila mwaka bosi ananiita, kila mwaka nakataa. Wewe uliniuliza lini? Wale wanaingia kwenye foto sababu wataondoka. Mwaka wa kwanza uko mkubwa, mwaka wa tatu uko punje. Mimi sitoki hapa, papa, mwanangu, na sitaki kuwa punje. Halafu ile foto ilikuwa ya kupeleka ofisi ya vibali vyetu vya kuishi hapa, Jumatatu. Sasa iko na chingamu mgongoni. Tutapanga foleni wote wawili, na wewe ndiye utawaeleza."