Uvimbe Kidogo Tu

Siku yangu ya kwanza kazini, mkuu wa idara ya picha alinikabidhi aproni nzito ya kukinga miale, pamoja na onyo moja: "Sisi twapiga picha, bibi. Kusoma ni kwa daktari." Niliona ananidharau. Nilikuwa nimetoka Rabai na cheti changu, na mdomo wangu haukuwa na kufuli.

Miaka ya tisini ilinikuta kwenye mashine ya skani, ile ya duara inayoonyesha ubongo slesi kwa slesi, kama mkate. Ndipo akaletwa Mwanaisha, mwalimu wa chekechea kutoka Makadara, aliyekuwa ameshaposwa. Homa ilimshika siku tano. Ilipopungua, maneno yakaanza kumponyoka, na mkono ukawa unatetemeka akishika kikombe. Katikati ya ubongo, pale nusu mbili zinapoungana, filamu ilionyesha doa dogo lililofifia.

Mamake, Bi Zuhura, alinishika mkono ukumbini. "Mwanangu, waona nini?"

"Uvimbe kidogo tu, mama. Usitie wasiwasi."

Nilikusudia kuvimba, kama mguu uliojikwaa. Yeye alisikia ule uvimbe wa kupasuliwa. Kufikia Ijumaa habari zilikuwa zimefika Tudor kwa kina bwana harusi, na posa ikavunjwa kwa adabu zote.

Daktari aliposoma filamu alisema ni homa iliyogusa ubongo, na doa kama lile huweza kuondoka lenyewe. Mkuu wangu hakunigombeza. "Neno lako limetangulia filamu," alisema, akaendelea na kazi. Laiti angenitukana.

Wiki kadhaa baadaye tulimpiga picha tena. Doa halikuwapo, maneno yalikuwa yamerudi, mkono umetulia. Nilikwenda Tudor mwenyewe na filamu ya pili kwapani. Mama wa kijana alinikaribisha kahawa. "Twashukuru amepona," akasema. "Lakini mwanangu tushamposea kwengine."

Haya ile ninayo hadi leo. Tangu hapo, kila aliyeniuliza ukumbini nilimjibu, "Msubiri daktari," hata wanagenzi wangu wakaniita Bi Msubiri.

Wiki niliyostaafu, Mwanaisha alikuja idarani, mtu mzima sasa, bado mwalimu. Aliomba filamu ya kwanza. Nilimuuliza mbona asichukue ile safi.

"Ile safi natembea nayo kichwani. Hii sijapata kuiona."

Niliitoa kabatini, akaiinua dirishani, nami nikamwonyesha kwa kidole. Aliitazama kitambo kirefu.

"Ni hili tu?"

"Ni hilo tu," nilisema, na hapo ndipo nilipomwomba radhi kwa mara ya kwanza.