Butée ya makaa, mguu wa mjomba na jicho la mama

Wakuu, habari za humu. Mjukuu anachapa, mi nasema. Umri huu nikidanganya nitapata nini?

Miaka ya hamsini, kwetu Fizi. Mjomba alikuwa na kagari ka Waingereza, kalikuwa kazee tangu wakati ule, kako wazi nyuma. Mi ndiye fundi wake.

Mama, yaani dada yake mjomba, jicho moja lilishazima, na la pili lilikuwa linaingia ukungu. Alitaka kitu kimoja tu: aone tena ziwa kutoka kwenye mteremko wa Baraka, pale rasi ya Ubwari inaonekana imelala majini.

Basi butée ikafa. Ndiyo hiyo release bearing, inayosukuma klachi ukikanyaga pedali.

Nikapata mbili. Ya gololi, imetoka kwenye lori, ngumu ila si saizi. Ya makaa, yaani pete ya kaboni inayosugua, saizi yake kabisa, ila imelika nusu. Mpya ilikuwa ya kungojea kutoka Usumbura, na jicho halingojei.

Nikafunga ya makaa.

Sasa makaa hayapendi mguu unaolalia pedali, yanasagika, na mguu wa mjomba ulilala pale kama paka jikoni. Mama akasema, "Mi nitamulinda." Akakaa mbele. Mguu ukisogea tu, anampiga gotini. "Toa muguu."

Tukateremka polepole. Ziwa likafunguka, bluu, kimya, mpaka sikujua kama niko macho au nimelala. Nilikuwa nyuma, nimelewa ziwa kabisa.

Kufika Baraka nikamuuliza kama ameona.

"Ziwa gani? Mi niliona muguu ya ndugu yangu tu."

Bamama wauza samaki walicheka. Mi niliumia sana.

Wakati wa kurudi nikamkalisha nyuma, uso kwa ziwa. Mjomba akauliza, "Na butée, nani atailinda?"

Nikamwambia, "Ife."

Ikafa kweli, juu kabisa ya mteremko, chuma kinalia kwa chuma. Tukashuka kusukuma. Mama hakugeuka hata kutuangalia, jicho liko ziwani.

Jicho lilizima kabla ya msimu wa mvua. Miaka iliyofuata, sisi wenye macho tukibishana ziwa lilikuwaje siku ile, tulienda kumuuliza yeye.

Nilichojifunza: spea uichague kwa mguu utakaoikanyaga, si kwa gari peke yake. Ila kuna safari moja moja, acha spea ife.

Waliowahi kufunga za makaa, zenu ziliwafikisha wapi? Semeni, mjukuu atanisomea.