Mjane Wadhams na Kofia Iliyokwenda Vitani

Tryphena Wadhams alikuwa mwanamke mfupi, mbishi, na mkweli kupita kiasi, na hiyo sifa ya mwisho ndiyo iliyompunguzia marafiki. Ukimpelekea pai iliyoungua atakwambia imeungua, kisha ataila yote. Mchungaji wetu aliwahi kumuuliza mahubiri yalikuwaje, na tangu siku hiyo hajamuuliza mtu mwingine swali hilo. Mimi ndiye mwenye baa ya Hartsboro na nilikuwa jirani yake tangu nina akili zangu. Nilimpenda sana, ingawa alishasema mbele ya wateja kwamba pombe yangu ya tufaha inafaa kuoshea kwato za farasi.

Mumewe, Asahel, alikuwa kinyume chake: mrefu, mpole, mtu wa kuomba radhi hata akikanyagwa yeye. Ule mwaka wa 1814 Waingereza walipoteremka na ziwa kuelekea mji wa Plattsburgh na wanamgambo wote wa wilaya wakaitwa, Asahel alikwenda. Tatizo ni kwamba hakwenda kwa jina lake. Sheria iliruhusu kijana mwenye uwezo kumtuma mwingine badala yake, na huyo mwingine huitikia jina la aliyemtuma kila asubuhi wanapohesabiwa. Aliyemtuma Asahel alikuwa Zebulon Crary, mtoto wa mwenye kiwanda cha mbao. Alimlipa mtamba mmoja wa ng'ombe, akamvisha nguo zake mwenyewe kuanzia kofia ya manyoya ya biva, yule mnyama wa mtoni, hadi buti, akamwapisha asimwambie mtu. Kisha Zebulon akatorokea jimbo jirani la Vermont na kujificha kwenye dari la shangazi yake, akila jibini.

Vita vilipokwisha Zebulon alirudi akichechemea. Mguu wenye kuchechemea ulibadilika kufuatana na hali ya hewa, lakini hakuna aliyeuliza. Baadaye akarithi kiwanda cha baba yake na akawa shemasi kanisani, na kila mtu hapa alihitaji mbao. Asahel alitunza kiapo chake mpaka kaburini. Mkewe peke yake ndiye aliyejua. Na kila sikukuu ya Uhuru, mashujaa walipopandishwa kwenye gari la kukokotwa na kupigiwa ngoma, Asahel alisimama barabarani akiwa ameshika hatamu za farasi wa Shemasi Crary. Jambo hilo lilimchoma Tryphena kama mwiba wa samaki kooni.

Basi Asahel alipokuwa amekwisha kufa, serikali ya jimbo ikatangaza kwamba wanamgambo wa zamani waliokwenda na nguo na vifaa vyao wenyewe watafidiwa kila kilichopotea au kuharibika, na aliyekufa, mjane wake atadai. Ungeona vituko. Wazee wasiokumbuka asubuhi wameweka wapi miwani walizikumbuka soksi za mwaka 1814, rangi yake na nani alizifuma. Ukiyaamini madai yote, jeshi letu lilikwenda vitani limevaa kama maharusi na likarudi uchi.

Wakati huohuo kamati ya kijiji ilikuwa imeagiza jiwe la kuchongwa majina ya waliokwenda Plattsburgh, lisimamishwe mbele ya kanisa. Kwa kuwa mashujaa walizidi kuongezeka kila wiki, kamati ikaamua: litachongwa jina la yule tu ambaye hakimu amelipitisha dai lake, hata kama ni dai la kifungo kimoja cha nguo. Tryphena aliposikia hivyo alivua aproni akaja kwangu kuomba wino. Hela hakuzitaka. Alitaka jina la Asahel kwenye lile jiwe, basi.

Hakimu Lull alikuja Machi, matope yakiwa hadi magotini, na shauri likasikilizwa baani kwangu kwa sababu ndiko kulikokuwa na jiko la moto. Akaliita dai la Shemasi Crary: koti la kijani lenye vifungo vya shaba, suruali, buti, blanketi, na kofia ya manyoya ya biva. Akaliita dai la mjane Wadhams: koti la kijani lenye vifungo vya shaba, suruali, buti, blanketi, na kofia ya manyoya ya biva. Hakimu akaziweka karatasi mbili ubavu kwa ubavu, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akawaapisha wote wawili kwa Biblia.

Shahidi alikuwa mmoja tu aliyebaki hai, mzee Obed Tefft, kiziwi wa sikio moja na wa jingine akipenda. Hakimu akamuuliza ni yupi kati ya hawa wawili aliyekuwa ndani ya lile koti.

"Mimi nilitembea nyuma yake safari nzima," akasema Obed. "Mgongo naujua. Uso sikuuona."

Hakimu akamgeukia Shemasi, akamtaka aeleze kofia ilipoteaje. Shemasi akajikohoza, akasimulia jinsi risasi ya Mwingereza ilivyoipeperusha kichwani mwake katikati ya moshi wa mizinga. Hapo Obed, ambaye hakusikia nilipomuuliza kama anataka supu, alisikia kila neno. Akasema kikosi chao kilifika Plattsburgh vita vimekwisha, watu wanakunja mahema. Kofia ilikuwa imetumika kubebea mayai waliyopewa na mama mmoja shambani, na kwenye kivuko ng'ombe wa kukokota akaikalia na mayai yakiwa ndani. Walikula mikate mitupu siku hiyo, na mpaka leo hajamsamehe yule ng'ombe.

Watu walicheka mpaka wakamwaga vinywaji, jambo ambalo mimi huliruhusu. Shemasi akasema hiyo ni kofia nyingine. Pengine angeponyoka hivyohivyo, maana daftari la kikosi lilikuwa na jina lake, lakini hakimu akaendelea kusoma thamani walizoandika. Shemasi alikuwa ameandika dola tano kwa kofia. Tryphena, kwa ule ukweli wake usio na adabu, alikuwa ameandika: kofia kuukuu, imeliwa na nondo, nusu dola.

Shemasi Crary akainuka, shingo nyekundu.

"Nondo? Baba aliinunua Albany, dola tano taslimu! Mimi mwenyewe nilimvisha Asahel pale langoni kwetu, nikamwambia aitunze kama macho yake, akaniletea kitu kama chapati! Na mtamba juu nikampa!"

Nilikuwa namimina kinywaji, nikasahau kuacha kumimina. Njia ya mwongo fupi, lakini ya huyu ilikuwa imepita miaka mingi, na mwisho wake ukawa kofia. Ubahili bwana.

Hakimu akachovya kalamu polepole. "Shemasi, uko chini ya kiapo. Kofia ilikwenda na Asahel. Wewe ulikuwa wapi?"

"Vermont," akasema Shemasi kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kanisani. "Kwa shangazi."

"Ndiyo maana mgongo ulikuwa mrefu," akasema Obed.

Nilidhani mambo yamekwisha, nikaanza kumtazama Tryphena nione atafurahi vipi. Hakufurahi, kwa sababu alimwona hakimu anavyokuna kidevu. Sheria, akasema hakimu, inamlipa askari kwa vitu vyake mwenyewe. Askari alikuwa Asahel, lakini vitu vilikuwa vya Zebulon. Zebulon hapati kitu kwa sababu hakwenda. Asahel hapati kitu kwa sababu hata soksi zilikuwa za kuazima. Madai yote mawili yameanguka, na bila dai, kamati haichongi jina.

"Mama Tryphena," akamwambia, na niliona kwamba anamhurumia, "hebu fikiri. Hakuna hata kitu kimoja alichokwenda nacho kilichokuwa chake? Hata kisu? Hata leso?"

Tryphena akageuza shingo kuangalia nyuma. Hapo walikaa wakaza-wana wake wawili, ambao tangu mumewe afariki aliwasimulia kila mara jinsi alivyomlilia Asahel siku ya kuondoka na kumfuata hadi darajani. Mwanamke mkweli kuliko wote Hartsboro alikuwa na uongo mmoja, na alikuwa akiupenda. Lakini mficha uchi hazai.

"Alikuwa na glavu," akasema.

Hakimu akaanza kuandika jozi moja ya glavu.

"Si jozi. Moja. Ya sufu, ya kushoto."

Baa nzima ikalipuka kwa kicheko. Kwetu hata mtoto anajua maana ya msichana kumpa kijana anayemposa glavu moja: shika hii uende zako, ya pili hutaiona. Wakaza-wana wakatazamana. Hakimu aliuma mdomo wa chini, akauliza kwa heshima ilikuwaje.

Akaeleza, akiwa amekaza macho kwenye jiko. Asahel alimposa mwezi wa Agosti, naye akamwona mpole mno, mtu wa kuonewa na kila mtu, akampa glavu ya kushoto. Kwa hasira hiyo ndipo akakubali mtamba wa Crary na kwenda kupigana na Waingereza. Hakukuwa na machozi wala kufuatana darajani. Siku Asahel aliyoondoka, Tryphena alikuwa akinyonyoa bata.

"Na ilipoteaje?" akauliza hakimu.

"Alirudi Oktoba, matope mpaka kwenye nyusi, akasimama mlangoni kwetu. Akaniambia, 'Tryphena, ile glavu imeanguka ziwani. Sasa huna ushahidi kwamba ulinikataa.'" Kisha akaongeza: "Nikaingia ndani nikamletea ya kulia."

Hakuna aliyecheka. Mimi nilikwenda kuangalia pipa ambalo halikuwa na shida yoyote. Niliporudi hakimu alikuwa ameshaandika: Asahel Wadhams, askari, glavu moja ya sufu, senti kumi na mbili. Akapiga mhuri kwa nguvu meza ikatikisika. Zile senti kumi na mbili hazijafika Hartsboro hadi leo.

Fundi alilichonga lile jina mwezi wa Mei, kwa herufi zilezile za wengine, na Shemasi Crary akaanza kwenda kusali kanisa la ng'ambo ya mto. Siku fundi alipomaliza nilimsindikiza Tryphena, kwa kuwa magoti yalikuwa yakimsumbua. Aliufuata mchongo wa jina kwa kidole, herufi baada ya herufi, akasema A imekaa upande. Halafu akaegemeza kiganja chake pale, akasahau kwamba nipo.

"Haya, Asahel," akasema. "Sasa dunia nzima inajua kwamba nilikukataa."