Siku ya Pili

Mke wangu ni muuguzi wa kituo cha afya huko Wamaza. Mimi natengeneza simu na kuandika programu Kasongo. Aliniomba kitu kidogo: aandike namba ya siku ya wiki, simu iwatumie wajawazito ujumbe waje kupimwa. Simu ya kituo ilikuwa kuukuu, nafasi yake haba, na programu yangu ya kwanza haikuingia.

Kila lugha ya programu huja na maktaba yake, mzigo wa kazi zilizoandikwa tayari: hesabu, herufi, kalenda ya dunia nzima. Nikaitupa maktaba ile kubwa, nikachukua vimaktaba vyepesi vya watu wengine, na kalenda nikaiandika mwenyewe kwa mistari arobaini. Ikaingia, na nafasi ikabaki. Nilijisifu wiki nzima. Debe tupu haliachi kuvuma.

Maktaba kubwa ingenilazimisha kusema wiki inaanza lini. Yangu haikuniuliza. Nimekulia nyumba ya Waislamu: Jumamosi ni moja, Jumapili ni mbili. Mke wangu ni Mkristo wa Kabambare, na kwao siku huhesabiwa kwa kazi: kazi moja ni Jumatatu, kazi mbili ni Jumanne. Tuna miaka minne ya ndoa. Kuuliza si ujinga, lakini mimi nilijiona najua.

Akaandika mbili. Ujumbe ulitaja tarehe tu, wanawake wakaja Jumapili, wakakuta kituo kimefungwa na yeye yuko kanisani kijiji cha jirani. Jumanne alikaa peke yake hadi jioni, ndipo akanipigia. Mmoja wa wanawake wale wa Jumapili, aliniambia, alikuwa na mimba ya miezi minane, miguu imevimba, na alikuwa ametembea tangu alfajiri. Sasa mama huyo hapokei hata simu ya kituo.

Kosa nililirekebisha kwa dakika mbili. Wiki iliyofuata nilipanda pikipiki kwenda kuomba radhi, na njia nzima niliona aibu. Nikampitia mke wangu kituoni, tukamkuta mama yule uani kwake anapepeta mchele, kichanga mgongoni. Alikuwa amejifungulia pale pale, bila muuguzi. Nikamweleza habari za hesabu yangu ya siku. Akacheka kidogo, akatutolea viti, kisha akamgeukia mke wangu.

"Mutoto iko muzima, mama muganga. Na mwengine nitamuzalia hapa hapa."