Cheti cha Kifaransa Juu

Mtacheka, na mna haki. Vita vilipokwisha, chuo kikuu nilichagua Kifaransa, maana mashirika ya misaada yaliwatafuta sana waliokijua. Kiswahili nilikikataa. Kwetu Wanale, Mbale, kilikuwa lugha ya askari wa vizuizi vya barabarani: unaambiwa chini, unakaa, unavua viatu, unainua kitambulisho.

Nikaitwa kwenye usaili Jinja, katika ofisi ya kugawa dawa. Mkuu wa ofisi, mzee wa Kisoga, akasoma fomu yangu.

"Kiswahili hujui kabisa?" akaniuliza kwa Kiingereza.

"Hata neno moja, bwana," nikajibu, cheti changu cha Kifaransa mkononi.

Nje likafika lori, wabeba mizigo wameketi juu ya maboksi. Askari wa lango akawafokea: "Wote chini! Haraka!"

Nilipojitambua nilikuwa nimekaa sakafuni, viatu pembeni, cheti nimekiinua juu kwa mikono miwili.

Mzee akasema taratibu, kwa Kiswahili, "Inuka, mwanangu. Hata mimi nusura nikae."

Nikainuka upesi, bila kungoja mkalimani.