Juisi ya Bure Mchana wa Ramadhani

Wiki jana, huko Kianyaga, tulimzika mtu aliyefanya kazi ya kuzitangazia kampuni bidhaa zao katika miji yetu hii ya mlimani. Hatukuwa marafiki wa kutembeleana. Tulijuana kikazi, mimi nikitafuta habari sokoni na yeye akitafuta wateja papo hapo, na kifo chake kimenihuzunisha kuliko nilivyodhani. Nitasimulia siku moja tu ya kazi yake, kwa kuwa nilikuwapo.

Kampuni moja ya vinywaji ilikuwa imemchukua kwa majaribio. Akifaulu, angeajiriwa. Kazi yenyewe ilikuwa kugawa juisi ya bure mtaani Majengo, hapa Nyeri, na kutuma picha za umati Nairobi kabla ya saa nane mchana. Akapiga hema karibu na msikiti, akafungulia muziki, akapanga vikombe. Watu wakapita wakiangalia kando. Mwishowe mama wa kibanda cha jirani akamwonea huruma. "Kijana yangu, hii ni Ramadhani," akamwambia. "Hiyo juisi unataka nani akunywe saa hizi?" Yeye, mtoto wa kanisa aliyelelewa kwenye mashamba ya majani chai, hilo halikuwa limempitia akilini. Na waliopanga ratiba, ati wataalamu, hawakuwa wameangalia hata kalenda.

Akazima muziki, akampigia mkubwa wake. Simu ilikuwa kwenye spika, kwa hiyo nilisikia yote: achukue vijana wa stendi, awashikishe vikombe, awapige picha. Nani atajua? "Watu wa Majengo watajua," akajibu. Akaketi hemani hadi adhana ya magharibi, kisha akagawa juisi yote kwa waliokuwa wakifungua saumu. Walikunywa, wakamshukuru, wakamletea sambusa. Lakini picha za mchana hazikuwapo, na kazi ikamponyoka.

Siku hizi shughuli hiyo imehamia kwenye simu. Mtu mwenye wafuasi wengi hushika chupa, hutabasamu, hulipwa, na huenda hata kinywaji chenyewe hajakionja. Siwalaumu sana. Wanaowalipa wanataka picha, na picha wanapewa. Kinachoniudhi ni kwamba mnunuzi wa Murang'a au Karatina haulizwi chochote, halafu kampuni inashangaa bidhaa inapokaa dukani hadi inaharibika.

Miaka kadhaa baadaye, akiwa ameshapata kazi kwingine, nilimwuliza kama angerudia alichofanya siku ile. Nilitarajia jibu la kishujaa, la kuandika gazetini. Akakoroga chai yake kwanza. "Ningerudia," akasema. "Lakini ningeongea na mama watoto kabla. Yeye ndiye alienda kubembeleza mwalimu mkuu watoto wasifukuzwe shule kwa kukosa karo." Basi nyinyi mnaoingia kazi hii ya matangazo, fanyeni kazi kwa uaminifu, ila mjue uaminifu una gharama, na mara nyingi anayeilipa ni mtu ambaye hakuna aliyemwuliza.